Ukipenda Boga, Penda na Ua Lake: Dhima ya Mzalishaji katika Kushughulikia Taka za Kielektroniki

Utangulizi

Katika stoo ya idara yetu zimo kompyuta kumi na moja ambazo haziwaki tena, skrini nne za chogo, printa mbili na sanduku moja lililojaa nyaya, vipanya na betri za simu. Baadhi ya vifaa hivi vilinunuliwa vipya na vingine tulipewa kama msaada vikiwa vimeshatumika ng'ambo. Wakati vilipofika tulipiga makofi na kupiga picha. Sasa vimegeuka mzigo, na kila mwanzo wa muhula tunapotafuta mahali pa kuweka vitabu vipya swali ni lile lile: tuvipeleke wapi?

Tunadhani swali hili si letu peke yetu. Msomaji wa jarida hili, awe mwalimu wa sekondari kule Mukono au mwanafunzi anayeishi hosteli pale Wandegeya, bila shaka ana simu moja au mbili zilizokufa ndani ya droo. Makala hii inakusudia kueleza dhana moja ambayo imeingia katika sheria za nchi yetu na za majirani zetu, yaani kumtaka mzalishaji wa kifaa cha umeme abebe gharama ya kifaa hicho hadi mwisho wa maisha yake. Aidha, kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tutatazama jinsi dhana hii inavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kumpotosha msomaji.

Ukubwa wa tatizo

Taka za kielektroniki ni kifaa chochote kinachotumia umeme au betri ambacho mwenyewe amekiacha kwa nia ya kutokitumia tena. Humo zimo simu, kompyuta, televisheni, majokofu, pasi, redio, na hata zile taa za sola zilizoenea vijijini kwetu. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizi mwaka 2022. Kati ya hizo, asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi. Barani Afrika kila mtu huzalisha wastani wa kilo 2.5 kwa mwaka, kiasi kidogo kuliko mabara mengine, lakini kinachochakatwa rasmi hakifiki hata asilimia moja.

Ubaya wa taka hizi hautokani na wingi wake tu. Kioo cha televisheni au skrini ya chogo kina risasi, ambayo kiwango chake huweza kufikia kilo moja na zaidi kwa kifaa kimoja. Taa zilizokuwa nyuma ya skrini bapa za mwanzo zina zebaki. Plastiki ya magamba ya kompyuta mara nyingi imechanganywa na kemikali za kuzuia moto. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, ganda lake hutoa moshi wenye sumu iitwayo dioksini. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, nayo haihitaji kuwa nyingi ili kufanya hivyo. Betri za lithiamu nazo zikitobolewa au kubanwa huweza kulipuka moto katikati ya taka za kawaida.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ndani ya taka hizi mna mali: shaba, aluminiamu, dhahabu na madini mengine ya thamani. Sifa hizi mbili, sumu na mali katika kifaa kimoja, ndizo zinazofanya jambo hili liwe gumu. Tutalirudia hapa chini.

Safari ya kompyuta iliyokufa

Tufuate njia ambayo kompyuta zetu kumi na moja zingepitia. Mali ya taasisi ya umma nchini Uganda haitupwi ovyo. Inaongozwa na Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma ya mwaka 2003. Kamati hukagua, hupendekeza, na njia iliyozoeleka ya kuondoa vitu ni mnada. Anayeshinda mnada huchukua lundo zima na kupakia kwenye lori.

Mnunuzi huyo ni mfanyabiashara, na wala hatumlaumu. Huanza kwa kutoa kile kinachoweza kufanya kazi tena: vihifadhi kumbukumbu, feni, vigawa umeme. Hivi huuzwa kwa mafundi. Kampala ina mafundi hodari sana. Fundi simu mwenye meza ya futi mbili katikati ya jiji anaweza kufufua simu ambayo kwingineko duniani ingetupwa siku ya kwanza, na kule Katwe ustadi wa kugeuza chuma chakavu kuwa kitu kipya ni wa miaka mingi. Baada ya hapo hutolewa shaba, chuma na aluminiamu, navyo huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Bodi za saketi nazo zina wanunuzi wake.

Kinachobaki ni kile kisicho na mnunuzi: kioo chenye risasi, plastiki yenye kemikali, betri zilizovimba. Hakuna atakayelipa hata shilingi mia kwa vitu hivi. Kinyume chake, kuviteketeza au kuvihifadhi kwa usalama ni gharama. Kwa hiyo vinaishia mtaroni, kwenye kiwanja kitupu au kwenye dampo pamoja na maganda ya matoke. Kwa miaka mingi dampo hilo kwa wakazi wa Kampala lilikuwa Kiteezi, lililoanza kutumika mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi uliporomoka na kufunika nyumba, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Maporomoko yale hayakusababishwa na kompyuta. Hata hivyo yalituonyesha sote kwamba neno "kutupa" linatudanganya, kwa sababu kinachotupwa huwa kimehamishiwa karibu na nyumba ya mtu mwingine.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Shaba haihitaji sheria ili ikusanywe, kwani bei yake inatosha. Kinachohitaji sheria ni kioo. Ni lazima apatikane mtu wa kulipia kile ambacho soko limekikataa. Je, awe nani?

Dhana ya dhima ya mzalishaji

Kwa desturi jibu lilikuwa moja: manispaa, yaani mlipa kodi. Mwaka 1990 mtaalamu wa Uswidi, Thomas Lindhqvist, katika ripoti kwa wizara ya mazingira ya nchi yake, alilitaja wazo tofauti. Alipendekeza kwamba mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake katika maisha yake yote, na hasa katika hatua ya kuirudisha, kuichakata na kuiondoa. Hoja yake ni rahisi kufahamika. Mzalishaji ndiye pekee anayeamua kifaa kitengenezwe vipi: betri ifungwe kwa skrubu au kwa gundi, plastiki iwe ya aina moja au tano, vipuri vipatikane au visipatikane. Mtumiaji hana uamuzi huo, wala mji hauna. Iwapo gharama ya mwisho itamrudia yule anayeamua mwanzo, atakuwa na sababu ya kutengeneza kifaa kinachodumu na kinachofunguka kwa urahisi.

Ujerumani ilianza na vifungashio mwaka 1991. Japani ilipitisha sheria ya vyombo vya nyumbani mwaka 1998, nayo ikaanza kutumika mwaka 2001. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wake wa taka za kielektroniki uliotiwa nguvu mwaka 2003 na kuandikwa upya mwaka 2012.

Katika utekelezaji, mfumo huwa na sehemu nne. Kwanza ni daftari: kila anayeingiza vifaa sokoni hujiandikisha na kutaja ni vingapi au kilo ngapi. Pili ni ada: hulipa kiasi fulani kwa kila kifaa kabla hakijauzwa. Tatu ni chombo cha pamoja: kwa kuwa kampuni moja moja haiwezi kuweka vituo nchi nzima, wazalishaji huunda jumuiya inayokusanya ada hizo na kuwalipa wakusanyaji na wachakataji. Nne ni lengo na ukaguzi: serikali hutaja kiwango kinachopaswa kukusanywa, kisha hukagua kama kimefikiwa.

Jambo la kuzingatia ni wakati wa kulipa. Nchini Japani mwenye jokofu hulipa ada anapoliondoa. Nchini Uswisi ada hulipwa mtu anaponunua kifaa kipya. Tofauti inaonekana ndogo lakini kwa mazingira ya kwetu ni kubwa. Mtu akiambiwa alipe ili atupe, wengi watatupa usiku. Aliyekwisha kulipa mwanzoni hana sababu ya kujificha. Hata inawezekana fedha ile ile itumike kumlipa kidogo yule anayeleta kifaa kituoni.

Sheria za Uganda na za majirani

Uganda haikuchelewa kuliona tatizo. Katika bajeti ya mwaka 2009 serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza majokofu, televisheni na kompyuta zilizokwisha kutumika. Mwaka 2012 ikatoka sera ya kitaifa ya taka za kielektroniki. Baadaye Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2020 zikaingiza dhana ya dhima ya mzalishaji. Mwezi Juni 2021 kilizinduliwa kituo cha taifa cha kukusanya taka za kielektroniki, kwa ushirikiano wa mamlaka ya mazingira, NEMA, na kampuni ya Luwero Industries.

Kwa upande wa majirani, Rwanda ina kiwanda cha kuchambua taka hizi huko Bugesera, kinachoendeshwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na mwishoni mwa 2024 ikatoa kanuni mahususi za dhima ya mzalishaji. Mbali kidogo, Nigeria ina jumuiya ya wazalishaji iliyoundwa mwaka 2018, na Afrika Kusini ilianza kutumia kanuni zake mwaka 2021. Hali kadhalika, kuanzia tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za kielektroniki, ziwe na sumu au zisiwe nayo, zisivushwe mpaka bila nchi inayozipokea kutoa ridhaa yake kwanza.

Sheria basi zipo. Swali ni kwa nini kompyuta zetu bado zimo stoo.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni kwamba mzalishaji wa kweli yuko mbali. Ingawa Namanve kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa mwaka 2019, sehemu kubwa ya vifaa vyetu inatoka Asia. Ndiyo maana sheria za aina hii humhesabu mwagizaji kuwa mzalishaji. Sheria ya Kenya ya 2022, kwa mfano, inamtaja anayetengeneza, anayeagiza kutoka nje na hata anayefungasha upya. Jambo hilo ni sawa, lakini waagizaji wetu wengi ni wafanyabiashara wadogo wanaoleta mzigo wa mabegi mawili kutoka Dubai au Guangzhou. Kampuni kubwa hujulikana na hukamatika, ilhali mwenye begi hakamatiki. Iwapo mkubwa peke yake atalipa, bei zake zitapanda, na soko litahamia kwa asiyelipa.

Cha pili ni vifaa vya mitumba. Kompyuta iliyotumika miaka sita Ulaya kisha mitatu Kampala, ada yake ililipwa kule. Ada imebaki Ulaya na taka imekuja kwetu. Mfumo wa haki ungetaka fedha ivuke bahari pamoja na kifaa, jambo ambalo bado halifanyiki. Kwa mtazamo wetu hii ndiyo dhuluma kubwa kuliko zote katika suala hili, nayo inawahusu hata wale wanaotupa misaada kwa nia njema.

Cha tatu ni bidhaa yatima, yaani vifaa ambavyo kampuni zake zilikufa au havina jina, pamoja na bandia. Hivi inabidi vilipiwe na wazalishaji walio hai kulingana na sehemu yao ya soko.

Cha nne ni waokota taka na mafundi. Mfumo rasmi ukija na kuwafukuza, utashindwa, kwa sababu wao ndio wanaofika kila kichochoro. Tena watu hawa hawakuzua tatizo. Wamelipunguza kwa miaka mingi bila glavu wala bima. Njia bora ni kuwalipa walete kifaa kizima kituoni, kioo na vyote, kwa bei inayozidi ile ya shaba peke yake. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo kazi ya ada ya mzalishaji.

Cha tano ni fedha kupotea njiani. Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuwa na ushuru wa mazingira juu ya vifaa vya kielektroniki na bidhaa nyingine. Mswada wote uliondolewa baada ya maandamano ya Juni mwaka ule. Ushuru unaoingia hazina ya serikali si sawa na dhima ya mzalishaji. Ushuru unaweza kutumika kulipia barabara. Ada ya mzalishaji isipoonekana ikikusanya taka, haina tofauti na kodi nyingine, na mwananchi ana haki ya kuitilia shaka.

Tuite nini kwa Kiswahili?

Sasa tuingie katika uwanja wetu. Wanafunzi tuliowapa zoezi la kutafsiri dhana hii walituletea majibu mengi, na makosa yao yalitufunza.

Wengi waliandika *wajibu wa mtengenezaji*. Tatizo liko katika kitenzi *tengeneza*. Katika Kiswahili kina maana ya kuunda kitu kipya na pia kurekebisha kilichoharibika. Mtu husema, "Napeleka simu ikatengenezwe." Basi fundi simu, akisoma tangazo kwamba "mtengenezaji atalipa gharama ya taka," ana kila sababu ya kudhani kwamba ni yeye anayetajwa, hali sheria inamlenga yule aliyeleta simu sokoni. Kosa la neno moja lingemtwika mzigo mtu asiyehusika. Kwa hiyo tunapendekeza *mzalishaji*, na mahali pa kutangazia umma iandikwe kwa ukamilifu: *mzalishaji au mwagizaji*.

Neno la pili ni *dhima*. Katika sheria dhima ni jambo ambalo mtu anaweza kudaiwa mahakamani. Lakini wanafunzi wetu wamelizoea katika *dhima ya fasihi*, ambapo lina maana ya kazi au umuhimu. Mwanafunzi mmoja alieleza *dhima ya mzalishaji* kuwa ni umuhimu wa mzalishaji katika jamii, na alikuwa na hoja. *Jukumu* nalo ni kazi aliyopewa mtu. *Wajibu* ni jambo linalompasa, kwa sheria au kwa maadili. *Uwajibikaji* umetumika mno majukwaani hata makali yake yamepungua. Sisi tumechagua *dhima* kwa sababu inabeba maana ya kudaiwa, lakini mwalimu anapoitumia darasani ni vyema aieleze kwanza.

La tatu ni *taka* yenyewe. Wengi wa wanafunzi wetu wanawaza kwa Kiganda *kasasiro*, uchafu wa kufagiwa. Kifaa chenye dhahabu na risasi si uchafu wa kufagiwa. *Taka za kielektroniki* ni istilahi inayofaa, mradi tu tufundishe kwamba hapa taka ni kitu cha kukabidhiwa na wala si cha kumwagwa.

Haya si mabishano ya wanaisimu tu. Kiswahili kinazidi kupewa nafasi katika shughuli za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na taka hizi huvuka mipaka ya Busia, Malaba na Mutukula kila siku. Afisa wa forodha, mwenye lori na muuza simu wakielewana vibaya, sheria itabaki karatasini.

Hitimisho

Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Anayependa faida ya kuuza simu mpya na apende pia simu hiyo ikiwa imekufa. Huo ndio ufupi wa dhana tuliyoieleza. Haimwondolei mtumiaji wajibu wake wa kutunza kifaa na kukirudisha, wala haiiondolei serikali kazi ya kusimamia. Inachofanya ni kumrudishia gharama yule mwenye uwezo wa kuipunguza.

Kuhusu stoo yetu, tumekubaliana mambo matatu. Tutaomba vifaa vile vipelekwe kwa mchakataji mwenye leseni badala ya kupigwa mnada kwa lundo. Tutawaomba watakaotupa msaada wa kompyuta siku zijazo waeleze pia ni nani atakayezichukua zikifa. Na kila mnunuzi wa idara atamwuliza muuzaji swali moja kabla ya kulipa: ikifa, mtaipokea? Huenda leo tukajibiwa kwa kicheko. Lakini swali likiulizwa na taasisi nyingi, muuzaji atalazimika kutafuta jibu.

Tunawaalika walimu wenzetu walitumie suala hili katika masomo ya mjadala, insha na tafsiri, na kutuletea istilahi wanazozisikia kwa mafundi na waokota taka wa maeneo yao. Mara nyingi neno tunalolitafuta kamusini huwa limeshazoeleka sokoni.